Usiuziwe Mbuzi Kwa Gunia: Pima Kadi ya Grafiki Hivi Kabla Utoe Doo

Msee akikuambia ako na RX 580 safi ya mtumba, usikimbilie kutoa simu utume pesa. Si ati kadi ni mbaya. AMD waliitoa Aprili 2017, na toleo la GB 8 bado linasukuma gemu nyingi fiti kwa skrini ya 1080p. Noma ni kwamba jina kwa boksi halikuambii yote. Pima vitu vinne kwanza.

1. Ni yenyewe kweli?

RX 580 ya kawaida ina kori 2,304. Lakini Oktoba 2018, AMD walitoa nyingine kwa soko la China, RX 580 2048SP. Hiyo ina kori 2,048, sawa na RX 570, kadi ya chini yake. Kwa macho huwezi jua. Nvidia nao GTX 1060 yao si moja: ya GB 6 ina kori 1,280, ya GB 3 ina 1,152. Kwa hivyo haijapungua memori pekee.

Kuna pia feki kabisa: kadi kuukuu iliyobadilishwa programu ya ndani ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dawa ni GPU-Z, programu ya bure unayoweza kubeba kwa flash. Angalia mstari wa Shaders, hesabu ziko hapo. Tangu 2018 inaweza pia kutambua kadi nyingi feki za Nvidia na kuziandika FAKE.

2. Usidanganywe na wastani

Muuzaji atakuambia, "Hii inapiga fremu 60." Sawa, lakini ni wastani ama? Kwa fremu 60 kila sekunde, kila picha inachukua kama milisekunde 16.7. Ikishuka hadi 20, kila picha inachukua 50, na hapo ndipo unaona mchezo ukiganda ukiwa katikati ya kufukuzwa na polisi. Wastani unaweza kuficha hizo sekunde mbaya zote. GTA V ina kipimo chake ndani ya mipangilio ya grafiki. Kiendeshe, kisha uangalie fremu za chini kabisa, si za katikati. Na uulize kama mipangilio imewekwa juu ama chini, juu hiyo inabadilisha kila kitu.

3. Ichemshe

Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku zikaishia kwa soko la mtumba. Nyingine bado ziko poa, lakini feni na ile pesti ya kupoza huwa zimechoka. Dakika mbili za kuonyeshwa hazitoshi. Washa FurMark dakika 15. Ukiona nyuzi zinapita 85 na bado zinapanda, feni inalia kama posho mill, ama vidoti vya rangi vinatokea kwa skrini, rudisha pesa mfukoni. Vidoti mara nyingi ni memori inakufa.

4. Machine yako itaibeba?

Hapa ndipo wengi hukwama. Zile kompyuta za ofisi kutoka majuu mara nyingi huja na pawa saplai ndogo. RX 580 pekee inakula wati 185 na inataka waya wake wa stima. Ukiichomeka kwa pawa saplai ya wati 240, machine itazima gemu ikinoga. Kwa machine kama hiyo, GTX 1650 ina akili zaidi: wati 75, na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada. Pima pia nafasi ndani ya kabati, kadi ndefu haikunjwi.

Muuzaji mwenye kadi safi hataogopa uketi dakika 20 ukiijaribu. Akikataa, hiyo tayari ni jibu. Songa duka inayofuata.