Soko na Lahaja: Urithi Hai wa Mji wa Lamu

Lamu ni miongoni mwa miji mikongwe ya Waswahili ambayo ingali inakaliwa. Mnamo mwaka 2001, UNESCO iliutia mji wake wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia. Aghalabu wageni husifu nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, milango ya nakshi, na vichochoro ambamo punda ndiye mchukuzi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hazina kubwa imo sokoni.

Soko hilo li kando ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, ambayo ilitumiwa kama gereza hadi mwaka 1984 na sasa ni makumbusho. Hapo samaki, maembe na nazi huuzwa kwa Kiamu, lahaja iliyobeba tenzi kongwe. Msikilizaji hukutana na ndia badala ya njia, mato badala ya macho, na moya badala ya moja. Maumbo hayo si makosa. Yanafuata kanuni za sauti, na asiyezifahamu hawezi kuusoma utendi wa Mwana Kupona ipasavyo.

Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na biashara huja na lugha zake. Sheria hulinda kuta. Lahaja haina mlinzi ila wasemaji wake. Basi mtafiti asiridhike na picha za milango. Na aketi sokoni, asikilize na kurekodi, maadamu wasemaji wangalipo.