Majumba makongwe ya barafu: Kasoro za kuchekesha na kasoro za kuua

JE, msomaji, umewahi kusikia fainali ikisimamishwa kwa sababu ya ukungu ndani ya jumba lenye paa? Au wachezaji wakipanda ngazi zaidi ya 20 wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, ndipo wafike uwanjani?

Mambo kama hayo yaliwahi kutokea katika majumba makongwe ya mpira wa magongo wa barafuni huko Marekani na Canada. Mengi yalijengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati mitambo ya kupoza hewa ilikuwa anasa. Yalikuwa na joto, kelele na nguzo zilizowaziba watazamaji macho, na bado watu waliyapenda kama mtu apendavyo nyumba ya nyanya yake. Hata hivyo, si kila kasoro ya jengo kuukuu ni ya kuchekewa. Nyingine zimetoa watu roho.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2005 kiwanja cha barafu kilifunguliwa katika Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, jijini Nairobi. Ni kidogo kikilinganishwa na viwanja vya kimataifa, lakini ndicho kilichoilea timu ya Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Kwa asiyeufahamu, kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Badala ya mpira wa duara, wao hugombea kisahani kigumu cha mpira na kukipiga kwa magongo. Uwanja huzungukwa na ukuta mfupi, na kisahani kikigonga ukuta huo hurudi mchezoni. Kwa hivyo ukuta wenyewe ni sehemu ya mchezo, na jumba likiwa na kasoro, mchezo nao hubadilika.

Mcheza kwao hutuzwa

Katika ligi kuu ya NHL, uwanja hutakiwa kuwa na urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Lakini jumba la Boston Garden, lililofunguliwa mwaka 1928, lilikuwa na uwanja wa futi 191 kwa 83. Futi tisa si nyingi ukizipima kwa hatua za mtu anayetembea. Kwa mchezaji anayeteleza kwa kasi huku mpinzani akimjia kifuani, futi hizo ndizo nafasi yake ya kufikiri. Timu ya nyumbani, Bruins, ilisifika kwa wachezaji wenye miili mikubwa waliopenda kubanana. Wageni waliozoea nafasi walijikuta wamegandamizwa kwenye kona.

Huko Chicago, jumba la Chicago Stadium lilifunguliwa mwaka 1929. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa chini kabisa ya jengo, na wachezaji walilazimika kupanda ngazi kwa viatu vyao vya kutelezea. Baada ya kila kipindi walishuka wakihema, kisha wakapanda tena. Juu yao kulikuwa na kinanda kikubwa mno aina ya Barton, ambacho sauti yake ilichanganyika na vifijo vya mashabiki hadi mgeni asiweze kumsikia mwenzake aliye kando yake.

Jumba la Joe Louis Arena la Detroit, lililotumika kuanzia mwaka 1979 hadi 2017, lilikuwa na kituko chake. Ukuta wa nyuma ya lango ulirudisha kisahani kwa nguvu zisizo za kawaida. Wenyeji walilijua jambo hilo vizuri. Mchezaji alikipiga kisahani makusudi nje ya lango, kikagonga ukuta, kikarudi mbele ya kipa ambapo mwenzake alikuwa akikingoja. Mgeni hakuwa na la kufanya ila kujifunza kwa machungu.

Ukungu, popo na giza

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Buffalo, jimbo la New York. Tarehe 20 Mei 1975, timu ya Sabres ilikuwa mwenyeji wa Philadelphia Flyers katika mechi ya tatu ya fainali ya Kombe la Stanley. Jumba lao, Memorial Auditorium, lilifunguliwa mwaka 1940 na halikuwa na mitambo ya kupoza hewa.

Siku hiyo kulikuwa na joto. Hewa yenye joto na unyevu ilipokutana na barafu, ukungu ukafuka, kama ule uuonao ukifungua friza jikoni siku ya jua kali. Ukungu ukawafikia wachezaji kiunoni, kisha ukapanda zaidi. Refa alisimamisha mchezo mara kadha wa kadha, na wachezaji wakaambiwa wateleze wakizunguka uwanja ili kuutawanya.

Kama kwamba hayo hayakutosha, popo alikuwa akiruka ndani ya jumba. Jim Lorentz wa Sabres alimpiga kwa gongo lake, akamwua papo hapo mbele ya maelfu ya watazamaji. Mwishowe Sabres walishinda kwa mabao 5-4 katika muda wa ziada, ingawa kombe lenyewe lilichukuliwa na Flyers.

Boston nayo ilipata aibu yake tarehe 24 Mei 1988. Bruins walikuwa sare ya 3-3 na Edmonton Oilers katika mechi ya nne ya fainali, stima zikapotea. Mitambo ya jumba hilo la miaka 60 ilikuwa imeshindwa. Watazamaji walitolewa nje, mechi ikafutwa, na timu zikasafiri hadi Edmonton, Canada. Siku mbili baadaye Oilers walitwaa kombe mbele ya mashabiki wao. Hadi leo kuna watu wa Boston wanaojiuliza mambo yangekuwaje kama taa zingeendelea kuwaka.

Usipoziba ufa

Hayo ni masimulizi ya kuwachangamsha watu mezani. Lakini majumba mengi ya barafu si ya timu kubwa. Nchini Canada, karibu kila mji mdogo una jumba lake, ambalo mara nyingi ni mali ya halmashauri. Watoto hufika hapo asubuhi na mapema kwa mazoezi, wazazi wakiwangoja kwenye viti baridi. Jumba likifungwa, mji huo hukosa mahali pa kukutana wakati wote wa kipupwe. Ndiyo maana watu huvumilia mengi ili lisifungwe.

Mwaka 1959, Jumamosi ya tarehe 28 Februari, paa la jumba la mji wa Listowel, mkoa wa Ontario, liliporomoka kwa uzito wa theluji wavulana wakiwa uwanjani. Watoto saba na mtu mzima mmoja walikufa. Jumba hilo halikuwa hata kongwe, ishara kwamba hatari haitokani na umri peke yake, bali na namna jengo linavyojengwa na kukaguliwa.

Hatari nyingine hukaa chini ya miguu. Barafu ya uwanjani huwa na unene wa takriban inchi moja tu. Chini yake kuna sakafu ya saruji yenye mabomba, na ndani ya mabomba hayo hupita maji ya chumvi yaliyopozwa kwa mtambo. Katika majumba mengi, mtambo huo hutumia amonia. Gesi hiyo hupoza vizuri kwa gharama nafuu, lakini ni sumu kali.

Tarehe 17 Oktoba 2017, amonia ilivuja katika jumba la barafu la mji wa Fernie, mkoa wa British Columbia. Watu watatu waliokuwa kazini walifariki, na wakazi wa nyumba za jirani wakahamishwa. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, katika mtambo uliozeeka. Uchunguzi ulionyesha kwamba dalili za kuvuja zilikuwa zimeonekana mapema mwaka huo, lakini mtambo ukarudishwa kazini.

Aidha kuna moshi. Mwaka 1949 Frank Zamboni wa California aliunda gari la kulainisha barafu, kazi ambayo awali iliwachukua vibarua kadhaa zaidi ya saa moja. Magari ya aina hiyo yamerahisisha mambo, lakini yale yanayotumia petroli au gesi hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Katika jumba kuukuu lisilopitisha hewa, wachezaji na watazamaji wanaweza kuumwa kichwa na kuzirai bila ya kujua kilichowapata.

Kubomoa au kukarabati?

Majumba makubwa tuliyoyataja yote yalifungwa: Chicago mwaka 1994, Boston 1995, Buffalo 1996 na Detroit 2017. Yaliyochukua nafasi yake yana hewa safi na viwanja vya kipimo kimoja. Mzazi aliye na mtoto mdogo hukaa kwa raha na kuona kila kitu bila ya nguzo mbele yake. Hata hivyo, vyumba vya kifahari vya makampuni vilijengwa katikati, na shabiki wa kawaida akasukumwa juu zaidi, mbali na barafu. Wazee wa Chicago husema kelele zile hazijarudi tena.

Si lazima kila kikongwe kibomolewe. Jumba la Galt Arena Gardens katika mji wa Cambridge, Ontario, lilifunguliwa mwaka 1922. Lilifanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya 1990, na zaidi ya karne moja tangu lifunguliwe, bado barafu hutandazwa humo.

Tofauti iko hapo. Uwanja mfupi, ngazi nyingi na ukuta wenye vituko ni kasoro ambazo watu wanaweza kuishi nazo na hata kuzijivunia. Paa linalolemewa, mtambo unaovuja na hewa isiyotoka ni ufa, na asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mzazi anayempeleka mwanawe mazoezini katika ukumbi wowote wa zamani, uwe wa barafu au wa sakafu ya kawaida, ana haki ya kuuliza mlango wa dharura uko wapi na paa lilikaguliwa lini. Anayelipenda jumba la mtaani kwake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuuliza.