Jeni Iliyotafutwa kwa Waamishi

Magonjwa ya hisia, yaani maradhi yanayovuruga furaha na huzuni ya mtu kiasi cha kumkwamisha katika shughuli zake kwa majuma au miezi, huonekana kufuata koo, na kwa sababu hiyo wataalamu wengi walitumaini kwamba ingepatikana jeni moja inayoyasababisha. Yaliyo makuu ni mawili: sonona, ambayo humzamisha mgonjwa katika huzuni na uchovu, na bipola, ambamo sonona hupokezana na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, mgonjwa akawa halali, haishiwi maneno na anatapanya mali.

Tumaini hilo lilipamba moto mwaka 1987, Janice Egeland na wenzake walipotangaza katika jarida la Nature kwamba, katika ukoo mmoja wa Waamishi (jumuiya ya Kikristo) wa Pennsylvania nchini Marekani, bipola iliandamana na sehemu ya kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Waamishi walifaa mno kwa uchunguzi huo, kwani wametokana na wahamiaji wachache kutoka Ulaya, huoana wao kwa wao, hutunza kumbukumbu za nasaba, na kwa kuwa ulevi ni nadra kwao, dalili za maradhi hazifichwi na pombe. Hata hivyo, mwaka 1989 jarida lilelile lilichapisha uchambuzi mpya: watu wawili waliohesabiwa kuwa wazima walikuwa wameugua, jamaa wengine waliongezwa, na ushahidi ukayeyuka. Egeland mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa uchambuzi huo, uungwana usioonekana kila siku katika sayansi.

Urithi wenyewe haukukanushwa. Uchunguzi wa mapacha hukadiria mchango wake kuwa asilimia 60 hadi 80 kwa bipola na karibu asilimia 37 kwa sonona, ingawa makadirio hayo hueleza tofauti baina ya watu katika jamii na hayapimi sehemu ya ugonjwa wa mtu mmoja. Pacha wa mgonjwa wa bipola, hata akiwa na jeni zilezile, mara nyingi husalimika. Utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha wagonjwa wa bipola zaidi ya 40,000, wote wenye asili ya Ulaya, ulibaini maeneo 64 ya jeni, kila moja likiongeza hatari kidogo mno.

Juu ya urithi huo huja mambo mengine: mateso ya utotoni, kufiwa, dawa za jamii ya steroidi, hitilafu ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na kwa mwanamke mwenye bipola, majuma ya kwanza baada ya kujifungua, ambapo kukosa usingizi huongeza hatari. Ndiyo maana daktari makini huuliza habari za ukoo na, inapobidi, hupima damu kuchunguza thairoidi, ilhali kipimo cha jeni hakitumiki kuthibitisha ugonjwa.