Kuotesha Selari kwa Mbegu za Zamani

Selari ni mboga yenye mashina marefu, manene na yenye harufu nzuri, itumiwayo katika supu na kachumbari. Wengi waijaribuo bustanini huikatia tamaa upesi, wakidhani kuwa wameuziwa mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu si mbovu. Kosa ni namna ilivyopandwa. Aifahamuye asili ya mmea huu hatapata taabu nyingi.

Selari ya mwituni humea mahali penye majimaji, hasa katika nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania. Ndiyo sababu hupenda maji mengi na hewa ya baridi kiasi, kama ile ya Limuru au Kinangop. Jua kali na ukavu huidhoofisha.

Mbegu zake ni ndogo mno, hata gramu moja yaweza kuwa na mbegu zaidi ya 2,000, nazo zahitaji mwanga ili ziote. Basi usizifukie. Jaza sanduku udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza, uuloweshe, kisha nyunyiza mbegu juu yake na kuzikandamiza kidogo kwa kiganja. Liweke sanduku penye mwanga lakini pasipo jua la mchana, na udongo usikauke hata siku moja. Mbegu huchukua wiki mbili hadi tatu kuota. Asiye na subira huzitupa siku chache kabla hazijachipua.

Miche ifikapo kimo cha inchi 4 hadi 6, ihamishie bustanini, mche na mche zikiwa inchi 10. Mizizi yake haiendi chini sana. Kwa hiyo mwagilia mara kwa mara na kutandaza nyasi kavu juu ya udongo. Selari iliyoonja kiu huwa na nyuzi na uchungu. Baada ya miezi mitatu au minne waweza kuanza kukata mashina ya nje, na ya katikati yataendelea kukua.

Mbegu za zamani, kama Giant Pascal, zina faida kubwa: huzaa mimea iliyo sawa na mama yake, wala mkulima halazimiki kununua nyingine kila msimu. Mbegu chotara hazina uaminifu huo. Lakini selari haichanui vema pasipo kupitiwa na baridi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mkaaji wa pwani asitegemee mbegu zake mwenyewe. Wa nyanda za juu na achague mimea kadhaa iliyo bora, asiikate, bali aiache ichanue na kukauka. Asichukue mbegu za mmea uliochanua kabla ya wakati wake, maana uzao wake waweza kufanya vivyo hivyo. Tena, alaye mimea bora na kuacha iliyo dhaifu kwa mbegu, huo udhaifu ndio atakaouvuna.