Tazama Kwanza Kilicho Chini ya Shamba

Mkulima akipewa ramani ya shamba lake, huona mipaka, barabara na hesabu ya ekari. Mwamba na udongo wa chini hauonyeshwi humo, lakini huo ndio unaoamua mahali pa nyumba, choo, kisima na malisho.

Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962. Leo wengi wenu mnawagawia watoto mashamba ambayo wazee wenu walipata wakati ule, na mnapima kwa kamba. Kamba peke yake haitoshi. Ndugu wawili waweza kupewa ekari mbili mbili, mmoja akapata udongo mwekundu wa kina, na mwenziwe akapata mwamba ulio futi moja tu chini ya majani. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi na mpima ardhi.

Basi kabla ya kugawa, chimbeni shimo la futi 4 au 5 katika kila sehemu, mtazame. Mahali penye mwamba karibu, jengeni nyumba na zizi. Udongo mzuri wa kina uachieni mazao. Watu wengi hufanya kinyume, kwa kuwa mahali penye udongo mzuri ni rahisi kuchimba msingi.

Katika nyanda za juu za Kinangop, mara nyingi mtakuta tabaka la mfinyanzi mgumu chini ya udongo wa juu. Maji ya mvua hayapiti hapo, husimama. Viazi huoza na choo cha shimo hujaa wakati wa masika. Lakini bwawa likichimbwa katika mfinyanzi huo hushika maji vizuri, na nyasi za ng'ombe zitastahimili.

Ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi ni adui wa nyumba. Hunyonya maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea, na kuta hufuata. Wajenzi wa upande wa mashariki wa Nairobi huuondoa wote mpaka wafikie mwamba au changarawe ngumu, ndipo waweke mawe ya msingi. Gharama ni kubwa, lakini kujenga nyumba mara mbili ni ghali zaidi.

Ninyi mlio karibu na Longonot, Suswa au Menengai, milima iliyotoa moto zamani, mnakaa juu ya majivu ya volkano. Majivu hayo ni mepesi, na maji huyachukua upesi. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wengine walisema bara la Afrika limepasuka siku ile. Wataalamu wengi wa miamba walieleza kwamba maji yaliyachukua majivu yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani. Kwa hiyo ukiona ardhi imebonyea kwa mstari, au shimo linalomeza maji ya mvua, usijenge hapo, hata kama shimo limefukiwa.

Tena kuna maji. Choo kiwe chini ya mteremko kutoka kisimani, umbali usiopungua mita 30, na zaidi penye mwamba wenye nyufa, maana uchafu hupita humo haraka.

Katika Bonde la Ufa maji mengi ya visima virefu yana madini ya floraidi yanayotoka katika miamba. Kipimo kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Yakizidi, meno ya watoto hutokea yakiwa na madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yakipungua sufuriani floraidi hubaki. Kwa hiyo, kisima kikiisha kuchimbwa, peleka chupa safi ya maji yake kwa mpimaji kabla ya kuwapa watoto. Wakati unapongoja jibu, wanywe maji ya mvua yaliyokingwa katika bati safi, na uyachemshe.