Msiba Uko Katesh, Ombi la Grini Kadi Liko Marekani

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo. Waliokufa walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza safari yake akarudi nyumbani. Kwa mtoto wa Katesh anayeishi Marekani, kurudi kungeweza kuwa na gharama ya aina nyingine kabisa. Kama ombi lake la grini kadi lilikuwa bado halijajibiwa, kule kuvuka mpaka tu kungetosha kulifuta.

Ndugu waliobaki nyumbani wengi hawalijui hili, na ndiyo maana lawama huwa kali. Mzee amefariki Dongobesh, mtoto wa kiume yuko Texas na ana kazi nzuri, nauli si tatizo, lakini haji. Kikao cha ukoo kinahitimisha kwamba Marekani imemharibu. Huenda imemharibu kweli, sijui. Lakini kwanza ulizeni karatasi zake zimefikia wapi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu aliyekwisha kuingia Marekani, kwa mfano kwa viza ya masomo au ya kazi, kisha akapata sababu ya kuomba ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, kama vile ndoa na raia au mwajiri anayemdhamini, anaweza kuomba akiwa hukohuko kwa fomu I-485. Ombi hilo linamtaka awepo nchini hadi liamuliwe. Akitoka bila ruhusa aliyopewa kabla ya kuondoka, USCIS, yaani idara ya Marekani ya uraia na uhamiaji, huhesabu kwamba amelitelekeza. Hakuna atakayempigia simu kumuuliza kama ndivyo alivyokusudia. Viza ya mwanafunzi ambayo haijaisha muda haimwokoi.

Ruhusa hiyo huombwa kwa fomu I-131, na tuiite hapa paroli ya safari. Watu huteleza kwenye jambo moja: paroli inatakiwa iwe imekwisha kutolewa kabla hujapanda ndege. Risiti inayoonyesha kwamba umeomba haitoshi. Ukiondoka paroli ikiwa bado inashughulikiwa, unaipoteza hiyo paroli na I-485 pamoja nayo. Wanaosamehewa sharti hili ni wachache, hasa wenye hadhi ya kazi ya H-1B na L-1 pamoja na wenzi na watoto wao, mradi wadumu katika hadhi hiyo na warudi wakiwa na viza halali.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna kona: omba paroli siku ileile unayowasilisha I-485, hata kama huna safari yoyote kichwani. Tangu Aprili 2024 ada ya I-131 haimo tena ndani ya ada ya I-485, inalipwa peke yake, na wengi wameamua kuiacha ili kubana matumizi. Naelewa, ila mwenye mzazi wa miaka 75 kule Mbulu asiibane hapo. Ombi la kawaida huchukua miezi, na msiba hautoi notisi.

Lakini tuseme hukuomba, na simu imelia usiku. Ipo njia ya dharura: mwombaji hupiga simu kituo cha huduma cha USCIS, akaomba miadi kwenye ofisi iliyo karibu naye, akaenda na fomu I-131 iliyojazwa, ada, picha na ushahidi. Afisa anaweza kukubali au kukataa. Ushahidi ndio unaobeba uzito, na ushahidi huo uko nyumbani mkoani Manyara, si Marekani.

Hapa ndipo ndugu wanapoweza kusaidia kuliko kulaumu. Kama mgonjwa amelazwa hospitali ya Haydom au Dareda, ombeni barua ya daktari yenye muhuri, tarehe, jina la mgonjwa na hali yake. Kama amefariki, msingoje cheti cha kifo cha RITA, maana mazishi yatakuwa yamepita. Tumeni kibali cha mazishi au taarifa ya kifo ya hospitali, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji. Halafu kuna cheti cha kuzaliwa cha huyo aliyeko ng'ambo, kinachothibitisha kwamba marehemu ni mzazi wake. Majina ndiyo huwa mtego mkubwa. Baba kaandikwa Bura Tluway kwenye cheti cha mtoto, hospitali imemwandika Paulo Bura kwa jina la ubatizo, na afisa aliyeko Dallas hana namna ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Mtendaji alieleze hilo waziwazi katika barua yake. Kila karatasi ya Kiswahili iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa maandishi na sahihi yake kwamba anazimudu lugha hizo na kwamba tafsiri ni sahihi.

Yuko pia mtu ambaye hatari yake ni kubwa zaidi: aliyewahi kukaa Marekani bila hadhi halali kabla ya kuomba. Zaidi ya siku 180 za namna hiyo, akitoka, zinaweza kumfungia mlango kwa miaka 3. Mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Uamuzi wa mwaka 2012 wa bodi ya rufaa za uhamiaji, katika shauri la Arrabally na Yerrabelly, ulisema safari ya mwenye paroli haihesabiwi kuwa kuondoka kunakoleta zuio hilo la miaka 10. Ni nafuu kubwa, ila mtu wa aina hii asiguse tiketi kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji.

Zamani aliyepoteza ombi lake aliweza kujifariji kwamba ataanza upya kupitia ubalozi. Faraja hiyo imepungua sana. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi zenye vizuizi vya sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na viza za wahamiaji zimo katika vilivyozuiwa. Masharti haya hubadilika, hivyo hakikisha hali ilivyo wiki unayosafiri.

Aliyepata paroli naye abebe hati yenyewe, si picha ya kwenye simu. Viza yake pengine imekwisha muda, na mhudumu wa shirika la ndege pale uwanja wa Kilimanjaro (KIA) au Nairobi ataitafuta viza kwanza. Atakapotua Marekani afisa wa mpakani atamhoji, mara nyingi katika chumba cha pembeni, na bado ana mamlaka ya kumkatalia. Asipitishe tarehe iliyoandikwa kwenye hati. Na kabla ya kuondoka aangalie kama ameitwa kuchukuliwa alama za vidole, maana asipofika bila kuomba tarehe nyingine, ombi linaweza kufutwa kwa sababu hiyo peke yake.

Kadi ikishatoka, paroli haihitajiki tena. Hata hivyo, anayetaka kurudi kulima ngano Basotu msimu baada ya msimu ajue kwamba kukaa nje mwaka mmoja au zaidi kunahitaji kibali kingine cha kurejea, na hicho nacho huombwa mtu akiwa bado ndani ya Marekani.