Mifuko Mitatu ya Intaneti ya Kasi

Hadi mwanzoni mwa 2009, Kenya na Tanzania zilikuwa hazijaunganishwa na mkongo wowote wa baharini. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, ikasuasua, na bei yake iliwashinda hata wenye ofisi. Kufikia katikati ya 2010 mikongo mitatu ilikuwa imetua pwani, na kila mmoja ulilipiwa kwa namna yake.

Wa kwanza, TEAMS, ulifika Mombasa Juni 2009 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, umbali wa kilomita 5,000 hivi. Serikali ya Kenya ilikuwa imechoshwa na mazungumzo marefu ya mradi wa pamoja wa kanda, ikaamua kushika njia yake. Lakini haikubeba mzigo peke yake: yenyewe na kampuni za simu za Kenya zilichukua asilimia 85 ya hisa, na Etisalat ya Falme za Kiarabu ikachukua 15. Mwezi uliofuata SEACOM ukaanza kazi kwa fedha za wawekezaji binafsi, ukiwemo mfuko wa maendeleo ya kiuchumi wa Aga Khan. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, ule mradi wa pamoja wa kanda, kutoka Sudan hadi Afrika Kusini, uliomilikiwa na kampuni za simu za nchi mbalimbali. Kampuni za Afrika zilizokuwa na mitaji midogo ziliungana chini ya kampuni ya pamoja, WIOCC, zikakopeshwa na benki za maendeleo, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sharti lilikuwa moja kubwa: nafasi kwenye mkongo iuzwe kwa kila anayehitaji, bila kumfungia mlango mshindani.

Baharini, basi, fedha zilipatikana, na sehemu kubwa ilitoka mfuko wa kwanza, ule wa kampuni na wawekezaji. Mteja alijulikana kabla meli haijang'oa nanga, kwa kuwa kila benki, kila kampuni ya simu na kila chuo kikuu kilikuwa kinasubiri.

Kutoka ufukweni kwenda bara hesabu hubadilika. Gharama kubwa ya faiba haiko kwenye waya wenyewe. Iko kwenye kuchimba mtaro, kulipia kibali cha kupita, kuvuka barabara na mto. Mtaro wa kilomita moja katikati ya Dar es Salaam unaweza kupita mbele ya mamia ya wateja. Mtaro kama huo vijijini unaweza kuwafikia watu kumi. Kampuni inayodaiwa faida na wenye hisa wake itachimba mjini, na haina kosa kufanya hivyo. Ndipo mfuko wa pili, wa umma, unapohitajika.

Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, na usimamizi ukawekwa chini ya kampuni ya simu ya TTCL. Hiyo ni fedha yenye subira, inayoweza kungoja miaka mingi kabla ya kurudi. Kisha upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya 2006, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia kutokana na mapato yao. Mfuko hutangaza kata zisizo na huduma, kampuni hushindania ruzuku, na mshindi hujenga mnara, huongeza fedha zake na kuuendesha. Mei 2023 jijini Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Kenya nayo ina mfuko wa namna hiyo, unaochangiwa asilimia 0.5 ya mapato ghafi ya wenye leseni.

Mnara, hata hivyo, si mwisho wa safari. Zahanati inayotuma picha za eksirei, au shule yenye wanafunzi mia kadhaa, inahitaji kasi na uhakika ambao simu ya mkononi yenye bando haiwezi kuutoa. Hapo ndipo mfuko wa tatu unapoingia, nao ni wa wananchi wenyewe.

Mfano wake ulio wazi zaidi uko kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 2011, wanavijiji wa Lancashire, wakiongozwa na Barry Forde, mtaalamu wa mitandao wa Chuo Kikuu cha Lancaster, walichoka kusubiri kampuni kubwa. Wakaanzisha B4RN, chombo cha jamii ambacho kila mwanachama ana kura moja hata awe na hisa ngapi. Wenye mashamba waliruhusu mtaro upite bure. Wakulima walileta trekta zao, wengine wakaleta koleo, na jasho la kuchimba likaweza kuhesabiwa kuwa hisa. Gharama ile ile inayozikimbiza kampuni ilishuka kwa sababu mwenye ardhi na mteja walikuwa mtu mmoja. Kwa miaka mingi nyumba zao zililipa pauni 30 kwa mwezi kwa kasi ya gigabiti moja. Baadaye serikali ilipotoa vocha za kuunganisha nyumba za vijijini, B4RN ilizitumia kusogea mbele zaidi, na leo ina wateja zaidi ya 10,000.

Afrika pia ina mifano. Huko Mankosi, Jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji walishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape kuunda ushirika wa Zenzeleni, wenye mitambo inayotumia umeme wa jua. Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa jamii umejaribu kurusha intaneti kwa masafa ya televisheni yasiyotumika. Kibera, jijini Nairobi, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya jamii.

Mitandao hii haijitoshelezi. Wanaojitolea huchoka, betri hufa, na bila kununua nafasi kwenye mkongo mkuu kwa bei ya jumla iliyo nafuu, ushirika hauwezi kudumu. Mkongo wa serikali nao, usipokuwa na wauzaji wa kuufikisha majumbani, hubaki na nafasi nyingi zisizotumika. Kila mfuko unaziba pengo la mwenzake, ila pale tu sheria inapouruhusu.

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni na matumizi ya masafa kwa mitandao ya jamii, na hivyo vikundi vidogo vikapata nafasi kisheria. Yapo mengine yanayowezekana bila kusubiri mkopo mpya: mifuko ya mawasiliano kwa wote ipokee maombi ya vyama vya ushirika na si ya kampuni za simu pekee, bei ya jumla ya mkongo itangazwe hadharani, na kila barabara ya halmashauri inapojengwa, mabomba ya kupitishia faiba yalazwe kabla lami haijamwagwa.